Saa Nane Masanja Huzima Mashine

Ukifika Rujewa ukauliza mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Kalinga, watakuonyesha kwa kidole lundo la pumba, kwa sababu lundo lenyewe ni refu kuliko jengo. Mimi napika chai na ubwabwa hapo pembeni, upande ambao upepo hauleti vumbi sana. Nimekaa hapo tangu mwanangu Eveline yuko darasa la kwanza, na sasa Eveline ana watoto wake. Kwa hiyo haya ninayoyaandika, mengine nimeyaona kwa macho yangu, na mengine Masanja alinieleza baadaye, siku moja akiwa anakula maharage, bila kuinua uso kwenye sahani.

Masanja jina lake la ubatizo ni Nashoni, lakini hakuna anayelitumia isipokuwa mkewe akikasirika. Ni Msukuma. Baba yake alihamia Usangu akiswaga ng'ombe, na Masanja alikuwa mtoto wa kutembea nyuma na fimbo. Ng'ombe wale hawapo tena. Wengine walikufa, wengine waliuzwa, wengine waligawanywa mzee alipofariki, na fungu la Masanja likaisha kama mafungu yanavyoisha. Akaja mashineni kutafuta kibarua. Alibeba magunia, akajifunza mashine kidogo kidogo, na Peter alipoondoka yeye ndiye akawa opereta.

Kuondoka kwa Peter lazima nikueleze, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini Masanja alinyamaza. Peter alikuwa opereta mzuri, ila macho yake yalianza kuingia ukungu. Asubuhi moja Mzee Kalinga akamkuta anapapasa swichi ukutani. Akamwita nje, akamwambia kwa upole kabisa:

"Peter, mashine ina mikanda. Mikanda haioni. Na wewe huoni. Mmoja wenu lazima aone."

Akampa gunia la mchele na nauli, Peter akaenda kulima vitunguu. Hakuna aliyegombana na mtu. Saa hiyohiyo Masanja akapewa ufunguo.

Basi miaka ikaenda. Halafu Masanja akaanza kukanyaga vitu. Alimkanyaga kuku wangu, kuku mweupe, mchana kweupe. Aligonga nguzo ya kanisani kwa bega la kushoto, siku ya Krismasi, akaiomba radhi. Kikombe cha chai nikimwekea kushoto, anakimwaga. Nikaanza kumwekea kulia, nikidhani ni heshima, maana kulia ndiko kwa heshima. Na alikuwa akiitwa hageuzi shingo kama watu, anageuka mwili mzima, polepole, kama gari la mizigo kwenye kona. Wanawake tukasema, tazama huyu baba alivyo na utulivu.

Gari la Mzee Kalinga linalopeleka mchele Iringa ndilo lililompeleka hospitali. Alimwambia dereva ana shughuli. Daktari wa macho akampima, akamwambia:

"Una presha ya macho."

"Itapona?"

"Haiponi. Inashikiliwa."

"Ishikiliwe mpaka lini?"

"Mpaka ufe."

Masanja anasema jibu hilo alilipenda kwa sababu halikuwa na maneno mengi. Daktari akamweleza kwamba jicho la kushoto limebaki kuona katikati tu, pembeni pamekwisha kwenda na hapatarudi. La kulia bado lina uzima. Akampa chupa ndogo ya matone, akamwambia aweke asubuhi, aweke saa nane mchana, aweke kabla ya kulala, maisha yake yote. Akiacha, hata hicho kilichobaki kitakwenda. Akishaweka tone afumbe macho, abane kwa vidole pale pembeni ya pua, atulie dakika chache, dawa isiteremkie kooni. Na chupa ikae mahali pa baridi.

Rujewa hakuna mahali pa baridi. Kuna mtungi wangu.

"Mama Eveline," akaniambia aliporudi, "kachupa haka nisaidie kukaweka mtungini. Kasiguswe na mtu."

Kachupa kenyewe alikuwa amekaviringisha kwenye kitambaa cheupe. Sikukifungua kitambaa. Mtu mzima akikupa kachupa kadogo kamefungwa kitambaa cheupe, akasema kasiguswe, wewe Mkristo unajua ni nini. Ni mafuta ya upako. Nikakaweka ndani ya kopo, kopo nikalitumbukiza mtungini, nikafunika. Jioni akienda kwake anakachukua, asubuhi anakarudisha.

Tangu hapo, kila siku ikifika saa nane, Masanja anazima mashine. Kelele yote inakatika, unasikia njiwa kwenye bati. Anakuja kwangu, anachukua kitambaa chake bila neno, anakwenda nyuma ya lundo la pumba ambako vumbi limetulia. Anavua kofia. Anainua uso mbinguni. Mkono unapanda, unashuka. Halafu anainamisha kichwa, anabana vidole penye pua, anatulia tuli, na machozi yanateremka mashavuni mpaka kidevuni.

Wa kwanza kumwona alikuwa Violet. Violet anapepeta na kuchambua mchele pale mashineni, na ulimi wake unapepeta kuliko ungo. Alikwenda nyuma ya lundo kwa haja zake, akarudi kwa vidole vya miguu.

"Jamani," akasema kwa sauti ya chini, "Masanja anaomba. Tena analia."

"Anaomba nini?" akauliza Dastan, kijana mbeba magunia mwenye shingo nene.

"Ningemsikiaje? Anaomba moyoni. Wenye maombi hasa hawapigi kelele kama nyie wa mkesha."

Siku ya pili tukaenda kuchungulia wote. Ilikuwa kweli. Masanja alipofumbua macho akatukuta tumesimama, vichwa chini, Dastan kofia kifuani.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna, mtumishi," akasema Violet.

Hilo jina likashika hapohapo. Mtumishi Masanja. Yeye mwenyewe alijaribu kulitoa. Alisema, "Mimi siyo mtu wa maombi sana," na Violet akatugeukia, akasema, "Mnaona unyenyekevu huo?" Siku nyingine Violet akamwuliza, "Leo umeombea nini, mtumishi?" Masanja akajibu, "Ya kawaida tu." Jibu hilo lilizungushwa mji mzima kama fundisho.

Angesema nini? Kuwaambia siyo maombi, ilibidi awaambie ni nini. Na kuwaambia ni nini, ni kumfikishia Mzee Kalinga, na Mzee Kalinga ana maneno yake kuhusu mikanda. Kwa hiyo Masanja alikaa na dawa yake na kazi yake, akavishwa utumishi juu, akanyamaza.

Mwaka ule wa joto kali mota za mashine za majirani ziliungua. Ya pale karibu na soko iliungua, wakaitengeneza, ikaungua tena. Ya kwetu haikuungua. Wenye mpunga wakaliona hilo. Wakaanza kuja kwetu, na wakija hawataki kukoboa asubuhi. Wanakaa juu ya magunia yao wanasubiri saa nane ipite, wakobolewe mchele wa baada ya maombi, wanasema hauna chenga nyingi. Bibi mmoja wa Kisangu alimletea Masanja jina la mkwewe kwenye karatasi amwombee aache pombe. Masanja akaipokea ile karatasi, akaiweka mfukoni, akasema, "Nimesikia, mama." Mkwe aliacha pombe kwa mwezi mzima. Ilikuwa kwamba amevunjika mguu hawezi kufika kilabuni, lakini nani alitaka kujua hilo.

Na mimi, kwa kuwa ndiye mtunza chupa, nilikuwa nasumbuliwa. "Mama Eveline, nipake hata kidogo kwenye paji." Nasema, siyo yangu, niliambiwa isiguswe. Wakaniona nina roho ngumu.

Mzee Kalinga yeye anakaa Iringa, Kihesa, na Rujewa anakuja mara mojamoja. Ni Mhehe wa maneno machache na tumbo kubwa, mzee wa usharika kwao. Alipoelezwa habari ya saa nane, hakukasirika kwamba mashine inazimwa mchana. Alikaa kwenye benchi langu, akamwagiza Violet amweleze tena tangu mwanzo. Akasema, "Mtu kama huyu simwachi."

Halafu akanunua mashine nyingine kubwa ya kuiweka Ipogolo, pale chini barabara kuu inapopita kabla ya kupanda mjini Iringa. Akatangaza kwamba opereta mkuu wa Ipogolo atakuwa mtumishi Masanja.

Hapa lazima ujue jambo moja. Kliniki ya macho ya Masanja ilikuwa Iringa, na alikuwa anaifikia kwa gari la mchele. Kama mchele haupo, gari haliendi, na tarehe ya kliniki inampita. Ilishampita mara moja. Aliishiwa matone, akakaa siku kadhaa bila kitu, jicho la kushoto likamwuma mpaka akawa anakoboa amelifumba, na sisi tukasema amefunga na kuomba. Lakini akiwa Ipogolo, kliniki ni kupanda mlima tu. Kwa hiyo kazi hiyo ya Ipogolo haikuwa cheo kwake. Ilikuwa jicho.

Sharti likawa moja. Mzee Kalinga alitaka siku ya kuizindua ile mashine, mbele ya wageni, mchungaji akishaomba ya kwake, Masanja aombe "ile yake ya saa nane."

Kabla ya siku hiyo Masanja alikuja kwangu akakaa, akazungusha kikombe.

"Mama Eveline, mimi nitasimama mbele ya watu niseme nini?"

"Sema unavyosemaga siku zote, Baba Shija." Shija ni mwanawe wa kwanza.

"Huwa sisemi kitu."

"Basi usiseme. Watu wataelewa."

Akanitazama, mwili mzima umegeuka.

"Hilo ndilo tatizo lenyewe," akasema.

Sikumwelewa. Nilimwongezea chai.

Tulikwenda Ipogolo na gari la mchele, mimi na masufuria kwa kazi ya kupika, Violet kwa kusaidia kuosha vyombo, Dastan kwa kubeba. Masanja alikaa mbele na dereva. Chupa yake nilikuwa nayo mimi, kwenye chupa ya chai niliyoijaza maji ya baridi, kama alivyoniomba. Tulipita Igawa, Makambako, Mafinga tukatetemeka kwa baridi, tukashuka Ipogolo wageni wameshaanza kukaa kwenye viti vya plastiki.

Mashine ilikuwa imepambwa kwa mapambo ya harusi. Fundi aliyeifunga, Lutengano, Mnyakyusa wa Tukuyu, alikuwa amesimama pembeni na ovaroli safi, anaiangalia kama baba wa bibi harusi. Kwaya ikaimba. Mchungaji akaomba vizuri sana, aliombea mashine, wakulima, mvua na umeme usikatike. Saa nane ilikuwa inakaribia. Mzee Kalinga akasimama, akasalimu kwa Kihehe.

"Ndugu wageni, kamwene. Sasa nawaletea mtumishi kutoka Rujewa. Huyu hana maneno. Mtaona wenyewe."

Masanja akapita mbele, akasimama akiielekea mashine. Akavua kofia. Akasubiri, maana alikuwa anatazamia kwamba nitamletea kitambaa chake kama siku zote.

Mimi nilikuwa tayari nimeinuka. Lakini Violet alikuwa ameshamweleza bosi habari za mafuta, na bosi akanijia kwanza.

"Mama Eveline, ile chupa ya mtumishi unayo?"

"Ninayo, bosi."

Nikampa kwa mikono miwili.

Mzee Kalinga akaifungua, akaenda nayo kwenye mashine kwa upande wa kushoto. Kushoto kwa Masanja. Masanja amesimama pale, uso juu, na bosi wake hatua chache kutoka sikioni anatonesha, na yeye haoni kitu. Bosi akatia tone kwenye mdomo wa mashine unapoingia mpunga. Akatia kwenye mikanda. Akaona kachupa kagumu kutoa, akakabana kwa ngumi. Akaimiminia mota. Akaelekea kwenye swichi.

"Mzee," akasema Lutengano, "hapo kwenye swichi usinitie."

Akaacha swichi, akamalizia kwenye kibao chenye jina lake. Wageni wakapiga makofi. Kwaya ikapiga vigelegele. Ndipo Masanja akageuka, mwili mzima, polepole, akaiona chupa yake mkononi mwa bosi, kichwa chini miguu juu.

"Bosi," akasema. "Imebaki?"

"Hata kidogo, mtumishi. Nimeitoa yote. Sikubania."

Masanja akavaa kofia yake. Nadhani alitaka awe nayo kichwani kwa maneno yaliyofuata.

"Hiyo ni dawa yangu ya macho," akasema.

Makofi yakafa moja moja. Mzee Kalinga akaisogeza ile chupa mbali na uso wake, akaileta karibu, hakuweza kusoma, akampa mchungaji. Mchungaji akavaa miwani.

"Ni ya macho," akasema.

"Soma vizuri," akasema Mzee Kalinga.

Mchungaji akaisoma tena, akaizungusha upande wa pili.

"Na huku pia ni ya macho."

"Angalau mashine haitaugua macho," akasema Lutengano, na watu wa nyuma wakacheka, wakanyamaza walipoona bosi hacheki.

Mzee Kalinga akamsogelea Masanja kwa kushoto, akainua mkono pembeni ya kichwa chake, vidole vimenyooka.

"Hivi ni vingapi?"

"Viko wapi, bosi?"

Mzee Kalinga akarudisha mkono mfukoni.

"Tangu lini?"

"Tangu nikanyage kuku wa Mama Eveline." Halafu Masanja akasema yote, kwa sauti ileile anayotumia kuagiza magunia. Kwamba kushoto anaona katikati tu. Kwamba kulia anaona vizuri, na ataendelea kuona kama hakosi dawa. Kwamba mashine anaiendesha kwa masikio na mikono, na hajawahi kuumia wala kuumiza mtu. "Nilinyamaza kwa sababu ya Peter," akasema. "Nilikuwepo siku ile. Nilipewa ufunguo wake ukiwa bado na joto la mkono wake."

Violet ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Na yale maombi? Kila siku ulikuwa unafumba macho unafanya nini?"

Masanja akakuna kidevu.

"Daktari alisema nitulie mpaka dawa iingie. Ukifumba macho huwezi kutazama saa. Kwa hiyo nilikuwa nawarudisha ng'ombe wa baba zizini. Mmoja mmoja. Kuna jike jekundu lenye nyota, hilo linaongoza. Kuna la madoa linalopiga teke. Kuna fahali aliyevunjika pembe. Wakishaingia wote nafunga mlango, nafumbua macho."

"Ng'ombe?" akasema Violet.

"Ukiruka hata mmoja, dawa haijaingia sawasawa."

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema Mzee Kalinga polepole, "Rujewa nzima inavulia kofia ng'ombe."

Mchungaji akakohoa ndani ya leso, akakaa nayo usoni muda mrefu kuliko kikohozi. Mimi nilikuwa nimeshika ile chupa ya chai yenye maji matupu, na sikuona mahali pa kuiweka. Nilimtazama Masanja. Alikuwa amesimama wima, mikono pembeni, kama mtu aliyekwisha kupewa gunia la mchele na nauli.

Ndipo Lutengano akauliza, "Samahani mzee, kule Rujewa mashine inazimwa kila siku saa nane?"

"Kila siku," akasema Dastan.

"Bila kukosa?"

"Hata akiwepo mteja mkali."

"Aa," akasema Lutengano. "Nilikuwa najiuliza. Mota za Rujewa nimezitengeneza zote, hii ya mzee haijawahi kuniita. Lile joto, mtu anakoboa tangu asubuhi mpaka jua linazama bila kupumzisha, mota lazima iungue. Ikizimwa hapo katikati, inapoa."

Mzee Kalinga akamgeukia.

"Unasema siyo maombi?"

"Mzee, mimi ni fundi. Nasema inapoa."

Hapo nilimwona Mzee Kalinga anafikiri, na nilijua anafikiri mota, na sikumlaumu. Mimi nilikuwa nawaombea hao wote kila jioni, mashine pamoja, wala sikusema neno. Kila mmoja ana sehemu yake, na fundi pia Mungu ndiye aliyemleta.

Lakini mkewe Mzee Kalinga, Mama Juliana, alikuwa amekwisha kusimama. Ni mwanamke mrefu, mwalimu mstaafu, anayesimama kama bado kuna kengele.

"Baba," akamwambia mumewe, "mnajadili mota. Saa nane imefika. Huyu anaweka nini machoni?"

Akaichukua ile chupa mkononi mwa mchungaji.

"Dawa yake umeimwagia chuma. Lete ufunguo wa gari."

"Wageni je?"

"Wageni wana viti."

Akamchukua Masanja na ile chupa tupu, wakapanda mjini. Sisi tukakaa. Kwaya iliimba nyimbo zote walizofanyia mazoezi, ikaanza walizozikumbuka. Mimi nikakoleza moto chini ya pilau. Baadaye Violet alikuja jikoni, akashika sahani moja anaifuta muda wote.

"Dada," akasema, "lakini mkwe wa yule bibi aliacha pombe."

"Alivunjika mguu, Violet."

"Ndiyo. Nani aliuvunja?"

Nikamwambia afute na nyingine.

Duka la dawa la kwanza hawakuwa nayo. La pili walikuwa nayo. Gari lilirudi, Masanja akashuka na chupa mpya, akasimama mbele ya mashine palepale alipokuwa. Safari hii hakwenda nyuma ya kitu chochote. Akavua kofia, akainua uso, tone likaingia, tukaliona wote. Akainamisha kichwa, akabana vidole penye pua.

Hakuna aliyetoa amri. Mchungaji alisimama kwanza. Halafu kwaya. Halafu viti vyote vya plastiki vikalia, watu wakainuka, wanaume wakavua kofia. Malori yalikuwa yanapita barabarani, lakini pale uwanjani palinyamaza. Nilimwona Mzee Kalinga anaangalia huku na huku, halafu na yeye akavua yake, akaishika kifuani, akasubiri ng'ombe waingie.

Masanja akafumbua macho. Akatukuta hivyo.

"Tayari," akasema, akawasha mashine.

Ilikoboa vizuri. Mzee Kalinga alichota mchele, akaupuliza, akautazama kiganjani, akautupia mdomoni. Kisha akamwita Lutengano.

"Mikanda yote izungushie wavu. Mtu asiweze kuingiza hata kidole. Anzia kushoto."

"Kushoto kwa mashine au kushoto kwa opereta?"

"Kwa opereta," akasema Mzee Kalinga. Akamgeukia Masanja, safari hii akamjia kwa kulia. "Na saa nane utazima. Usije ukasema kwa kuwa tumejua basi unaweka huku inazunguka. Utazima."

"Nitazima, bosi."

"Na tarehe ya kliniki uniambie. Siyo dereva. Mimi." Akapangusa pumba kiganjani. "Hivi Peter alikuwa na hii hii?"

"Sijui, bosi. Hakupimwa."

Wiki iliyofuata Mzee Kalinga alikwenda mwenyewe kumtafuta Peter kwenye vitunguu vyake, akampeleka hospitali. Ya Peter haikuwa presha, ilikuwa mtoto wa jicho. Wakamfanyia upasuaji. Sasa anaona vizuri, na anasema shamba lake alilokuwa akilisifu lilikuwa na magugu mengi kuliko vitunguu. Alipewa kazi Rujewa tena, lakini alisema amezoea kutoamrishwa, akabaki na shamba. Mashine ya Rujewa anaiendesha Dastan. Alitaka kuacha habari ya kuzima mchana, wateja wakakataa kushusha magunia. Kwa hiyo ikifika saa nane anazima, anakwenda nyuma ya lundo, anasimama. Aliniambia hajui afanye nini akiwa amesimama kule. Nikamwambia ajaribu kuomba.

Mwezi uliopita nilikwenda Iringa kumwona Eveline, nikashukia Ipogolo nimsalimie Masanja. Wavu uko pale, umepakwa rangi ya bluu. Macho, anasema, daktari amepima na presha imesimama palepale. Upande wa kushoto haujarudi, na hautarudi, na vikombe anawekewa kulia. Pale hawamwiti mtumishi. Wanamwita Baba Shija. Tulikuwa tunaongea habari za watoto ikafika saa nane, akazima mashine.

Mlangoni kulikuwa na kijana mgeni, mchuuzi wa mchele, anapiga simu kwa sauti kubwa. Bibi mmoja wa Kihehe aliyekalia gunia lake akamshika mkono.

"Wewe, nyamaza. Anaweka dawa."

Kijana akakata simu. Na kofia akavua, sijui nani alimwambia.

Nikasubiri. Nikaona dakika zimezidi zile nilizozizoea. Nikasogea karibu, kwa kulia.

"Baba Shija," nikanong'ona, "kuna nini?"

"Jike lile jekundu," akasema, macho amefumba, vidole penye pua. "Leo limegoma mlangoni."

Basi tukalisubiri.